Hotuba ya mauzo hufundishwa kuanzia mwisho

Mpe mwanafunzi begi la mgongoni, mwambie aliuze mbele ya darasa kwa dakika tatu, na karibu kila mara utasikia yaleyale. Atasalimia, atasema "kwa majina naitwa fulani", atahesabu zipu, atataja rangi na kitambaa, atasema begi ni zuri na imara, kisha atamaliza kwa "ni hayo tu, asanteni kwa kunisikiliza". Hakuna aliyeombwa kununua. Hakuna aliyeambiwa begi hilo litamfaa yeye kwa lipi. Dakika tatu zimekwisha, na darasa limesikia maelezo ya kitu, si hotuba ya mauzo.

Kosa hili halitokani na woga wala uhaba wa maneno. Linatokana na mahali mwanafunzi alipoanzia kufikiri: ameanzia kwenye kitu alichokishika mkononi. Mwalimu anayemwambia "changamka" au "paza sauti" hajaligusa kosa lenyewe. Kinachosaidia ni kumzoeza aiandae hotuba kuanzia mwisho, yaani kwenye jambo moja analotaka msikilizaji alifanye, halafu arudi nyuma akijiuliza: ili mtu huyu akubali, anatakiwa aamini nini kwanza?

Sentensi ya mwisho iandikwe kwanza

Kabla mtu yeyote hajasimama, darasa zima liandike ombi. Ni sentensi moja inayosema nani afanye nini, lini, na kwa njia gani. "Naomba mniunge mkono" haitoshi. "Andika jina lako kwenye karatasi hii kabla hujatoka, na Ijumaa utalikuta begi lako hapa" inatosha, kwa sababu anayekubali anajua la kufanya papo hapo. Wape dakika tano za kuandika, kisha kila mmoja abadilishane karatasi na jirani yake. Jirani ana swali moja la kujibu: nikikubali sasa hivi, nifanye nini? Akishindwa kulijibu kwa kusoma karatasi tu, ombi linaandikwa upya.

Ombi liwe moja. Wanafunzi hupenda kuweka matatu: nunua, au tufuate mtandaoni, au mwambie rafiki. Msikilizaji aliyepewa njia tatu huanza kupima ipi ni nyepesi, na iliyo nyepesi kuliko zote ni kutofanya lolote. Pia ombi dogo si aibu. Kitu cha bei kubwa hakiuziki kwa dakika tatu. Kinachowezekana ni kumwomba mtu akijaribu, au atenge dakika kumi aonyeshwe kinavyofanya kazi. Ukubwa wa ombi ulingane na imani iliyokwisha kujengwa. Mwanafunzi akiona mwenyewe kwamba anaomba kikubwa mno, ataelewa pia kwa nini ushahidi alionao hautoshi, na hapo somo la ushahidi linajifungulia mlango.

Msikilizaji kabla ya bidhaa

Ukiuliza bidhaa hii ni ya nani, jibu la haraka ni "ya kila mtu", na hotuba ya kila mtu haimgusi yeyote. Wagawe wanafunzi wawili wawili. Kila mmoja amhoji mwenzake kwa dakika nne, kwa sharti moja: bidhaa isitajwe kabisa. Aulize mwenzake anabebaje vitu vyake siku hizi, mara ya mwisho alipobeba vingi ilikuwaje, nini kilimkera, na amewahi kufanya nini ili kuiondoa kero hiyo.

Maswali yahusu yaliyotokea, si yanayotamaniwa. "Ungependa begi lisiloumiza mabega?" ni swali bovu, maana hakuna atakayejibu hapana, na ile "ndiyo" haimfundishi muuzaji kitu. "Mara ya mwisho ulipobeba vitabu vingi ulifikaje?" huleta habari ambayo muuzaji hakuwa nayo. Swali la mtu amekwisha kufanya nini kuhusu kero yake ndilo ninalolithamini kuliko yote. Aliyewahi kushona mkanda upya, au kufunga vitabu viwili pembeni kwa kamba, ana shida ya kweli. Aliyelalamika tu bila kuchukua hatua yoyote huenda hana.

Majibu yaandikwe kwa maneno ya mhojiwa mwenyewe. Akisema "mkanda unanikata bega mpaka nabadilisha upande kila baada ya hatua chache", sentensi hiyo isigeuzwe ikawa "changamoto za ubebaji wa mizigo". Wanafunzi wengi wamezoea kudhani kwamba lugha nzito ndiyo lugha ya hadhara, kwa hiyo mwalimu awe mkali hapa. Sentensi ile ya mkanda ndiyo itakayofungua hotuba. Salamu fupi, kisha kero. Jina la muuzaji linaweza kusubiri sekunde kumi na tano, na likija baada ya kero litakumbukwa.

Zoezi la "kwa hiyo"

Sasa ndipo begi linaporuhusiwa kurudi mezani. Mwanafunzi aorodheshe sifa zake sita, na kila sifa aiendeleze kwa "kwa hiyo". Mikanda ni mipana na ina sponji. Kwa hiyo uzito unasambaa begani badala ya kukusanyika kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo mkanda haukati. Kwa hiyo unafika bila kubadilisha bega njia nzima. Hapo asimame. Akiendelea atazaa "kwa hiyo hutachoka, kwa hiyo utasoma vizuri, kwa hiyo utafaulu mtihani", na msikilizaji ama atacheka ama, vibaya zaidi, ataamini. Kipimo kizuri ni hiki: "kwa hiyo" mbili au tatu, na ya mwisho iwe jambo ambalo mnunuzi anaweza kulihakikisha mwenyewe katika wiki ya kwanza ya kulitumia begi.

Kati ya sifa sita, zinazoingia kwenye hotuba ni mbili. Hapa wanafunzi huona uchungu, kwa sababu sifa wanayoipenda wao mara nyingi ndiyo inayotakiwa kuachwa. Kinachoamua ni karatasi ya mahojiano: sifa isiyojibu kero iliyotajwa na msikilizaji inatoka. Isitupwe, lakini. Iwekwe akiba kwa ajili ya maswali, ambako sifa ya tatu au ya nne ikija kama jibu hupokelewa vizuri kuliko ingekuja kwenye orodha.

Mpangilio, sekunde na kadi

Katika miaka ya 1930 Alan Monroe, aliyefundisha uhutubi katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, aliunda mpangilio wa hatua tano ambao bado unafundishwa: vuta usikivu, onyesha hitaji, toa suluhisho, mfanye msikilizaji aione hali itakavyokuwa, kisha omba hatua. Kwa hotuba ya dakika tatu mgawo huu unafanya kazi: sekunde 20, 40, 60, 30 na 30. Uandikwe ubaoni, na kila kundi liwe na mtu wa kushika saa anayeandika hatua ya kwanza iliishia sekunde ya ngapi, ya pili ya ngapi, hadi mwisho.

Saa hiyo hufichua mambo mawili karibu kwa kila mwanafunzi. La kwanza, hitaji hupewa sekunde kumi badala ya arobaini. Muuzaji ana haraka ya kufika kwenye bidhaa, lakini msikilizaji ambaye hajakubali kwamba ana shida hawezi kufurahia suluhisho lake. La pili, hatua ya nne haipo kabisa, au imekuwa maneno ya jumla kama "maisha yako yatakuwa rahisi". Hatua hiyo inahitaji siku moja, mahali pamoja na tendo moja: kesho asubuhi, vitabu vyote sita viko mgongoni, mikono yote miwili iko wazi, na unapanda ngazi bila kusimama katikati kuhamisha mkanda. Sentensi mbili au tatu za namna hiyo zinatosha.

Kuhusu urefu wa maandishi, usichukue idadi ya maneno kutoka miongozo ya lugha nyingine. Neno moja la Kiswahili hubeba mengi, hivyo hesabu za wengine zitamfanya mwanafunzi apitilize muda. Asome kwa sauti ya kawaida kwa dakika moja, ahesabu maneno aliyofika, azidishe kwa tatu, kisha apunguze sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vituo na kitu kitakachoonyeshwa. Anayesoma maneno 100 kwa dakika ataandika 270, si 300.

Hotuba nzima isikaririwe. Anayekariri kila neno akisahau moja hupoteza yote, na hata asiposahau macho yake huwa yanasoma ukuta. Vikaririwe vitu viwili tu: sentensi ya kwanza na ombi. Yaliyobaki yakae kwenye kadi moja ya ukubwa wa kiganja, mistari mitano, kila mstari maneno yasiyozidi manne. Kadi yenye sentensi kamili itasomwa, hata mwanafunzi akiahidi kwamba hataisoma. Ndiyo maana kadi zikaguliwe siku moja kabla.

Ushahidi na mipaka yake

Kila dai liwe na kitu cha kulishika mkono: onyesho, namba, ushuhuda wa mtumiaji, au ulinganisho na kile ambacho msikilizaji anakitumia sasa. Kwa darasa, onyesho ndilo bora, kwa sababu halimwombi mtu aamini neno la mtu. Lakini ndilo pia linaloharibika hadharani.

Chukua dai la "begi halipitishi maji". Mwanafunzi anaweka karatasi ndani, anafunga, anamimina glasi ya maji juu, anafungua, na karatasi imelowa. Kilichotokea kinaeleweka: kitambaa hakipitishi maji, lakini maji yamepita kwenye zipu na kwenye mishono, ambako sindano imeacha matundu. Dai lilikuwa pana kuliko ukweli wake. Dawa si kuficha zipu kwa kuligeuza begi wakati wa kumimina. Dawa ni kulipunguza dai: "Mvua ya njiani haitalowesha vitabu vyako. Ukilitumbukiza begi kwenye maji, yataingia kwenye zipu." Onyesho nalo libadilike lifuate dai: maji yanyunyizwe, yasimiminwe, na lijaribiwe mara tatu kabla ya siku yenyewe, kwa begi lilelile, kwa kiasi kilekile cha maji, karatasi ikiwa mahali palepale. Likishindwa hata mara moja kati ya tatu, lisiingie kwenye hotuba.

Sentensi ya pili katika dai hilo, ile inayotaja kikomo, ndiyo wanafunzi huiogopa zaidi. Wanadhani kukiri upungufu ni kupoteza mteja. Aristotle alizitaja njia tatu za kushawishi: hoja, hisia za msikilizaji, na tabia ya msemaji inavyoonekana ndani ya maneno yake. Kikomo kilichotajwa bila kulazimishwa hujenga hiyo ya tatu, na humfanya msikilizaji ayapokee madai mengine kwa uzito. Kiwe kimoja, kiwe cha kweli, na kije katikati ya hotuba, kamwe si baada ya ombi.

Kuna siku mwanafunzi atauliza kwa dhati: kama kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, hotuba ya nini? Aheshimiwe na ajibiwe. Kizuri kisichojulikana kinamfaa nani hakijiuzi, kinakaa. Na nusu ya pili ya methali ina onyo la haki: hotuba nzuri juu ya kitu kibovu huongeza idadi ya watu waliodanganywa. Kwa hiyo kila hotuba iambatane na karatasi ya madai, safu mbili: upande mmoja dai, upande wa pili "nimejuaje". Dai lisilo na kitu upande wa pili linafutwa. Vilevile "yamebaki matatu tu" na "ofa inaisha leo" visitamkwe kama si kweli. Nchi nyingi zina sheria dhidi ya matangazo ya kupotosha, ila hata pasipo sheria mwanafunzi asizoezwe kudanganya kwa alama.

Bei nayo inahitaji mazoezi yake. Itajwe mara moja, kwa sauti ileile iliyotaja mikanda, na sentensi inayofuata iwe ombi. Wanafunzi hushusha sauti kwenye bei, hutabasamu kama wanaoomba radhi, au huanza kuipunguza kabla hakuna aliyelalamika. Waisome sentensi ya bei mara kumi wakiwa wawili wawili mpaka isikike kama habari nyingine yoyote.

Pingamizi

Baada ya hotuba yaje maswali ya dakika mbili. Msikilizaji mmoja apewe kadi ya siri yenye pingamizi: "ni ghali", "ninalo tayari", "nitafikiria". Muuzaji asikilize mpaka mwisho, arudie alichosikia kwa maneno yake, aulize swali moja, ajibu kwa sentensi mbili, arudi kwenye ombi. Kinachoharibika ni kipande cha kwanza: karibu wote hudakia kabla mwenzao hajamaliza, na jibu linalodakia huonekana la kujitetea hata likiwa sahihi.

"Ni ghali" ina maana nyingi. Inaweza kuwa sina fedha, au nimeona la bei ndogo, au sijaona kwa nini nilipe kiasi hicho. Kila moja ina jibu lake, ndiyo maana swali "ghali ukilinganisha na nini?" linatangulia. Kama mtu hana fedha, muuzaji amshukuru na amwache. "Nitafikiria" nayo isipigwe vita, swali la upole la "ungependa kufikiria zaidi kuhusu lipi?" mara nyingi huleta pingamizi lenyewe. Mtu akisema hapana mara mbili, mazungumzo yaishie hapo kwa heshima, na kuishia hapo kupewe alama kamili, kwa maana ni ujuzi.

Macho, mikono na ukimya

Haya huja mwisho, na kwa ufupi. Macho yakae kwa mtu mmoja mpaka sentensi iishe, kisha yahamie kwa mwingine wa upande tofauti wa chumba. Begi likae chini au mezani mpaka hatua ya suluhisho. Likishikwa tangu mwanzo, wasikilizaji wataliangalia badala ya kusikia kero. "Yaani" na "eee" haziondoki kwa kukatazwa. Mwenzake akae nyuma akipiga mstari kwenye karatasi kila zinapotokea, amwonyeshe jumla, na mwanafunzi azoee kunyamaza pale ambapo angezisema.

Ukimya mgumu kuliko wote ni ule wa baada ya ombi. Mwanafunzi akishaomba, ahesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo bila kuongeza neno. Bila mazoezi ataujaza: "kwa hiyo ndiyo hivyo... kama mtapenda lakini... asanteni." Maneno hayo humwondolea msikilizaji ulazima wa kujibu, na ombi zima linayeyuka. Ombi na sekunde zake tatu yafanyiwe mazoezi peke yake, watu wakiwa kwenye mduara, kila mmoja akisema sentensi yake na kunyamaza. Darasa la watu 40 linamaliza zoezi hilo kwa dakika kumi hivi.

Muda wa darasa na alama

Wanafunzi 40 wakihutubia mmoja mmoja kwa dakika tatu, na dakika moja ya kubadilishana, ni dakika 160. Vipindi vinne vimekwisha, na kila mmoja amezungumza mara moja tu, huku 39 wakiwa wamechoka. Afadhali makundi manane ya watu watano yakifanya kazi kwa wakati mmoja: dakika tatu za hotuba na mbili za maoni kwa kila mtu, dakika 25 kwa jumla. Kipindi cha dakika 40 kinabakiza muda wa kurudia kipande kimoja. Kurudia huko ndiko kunakofundisha. Maoni yasiyofuatwa na jaribio jingine siku hiyohiyo hupotea.

Maoni yawe na umbo: sentensi moja niliyoikumbuka, mahali nilipopotea, na ningefanya nini sasa. "Umefanya vizuri sana" hairuhusiwi. Kabla ya hotuba kila msikilizaji aandike namba kutoka 0 hadi 10, yaani yuko tayari kiasi gani kulifanya jambo linaloombwa. Baada ya hotuba aandike tena. Tofauti ya namba hizo inasema mengi, ingawa marafiki hupandisha bila sababu. Kwa hiyo kila aliyepandisha ataje sentensi iliyompandisha, na asiye na sentensi namba yake isihesabiwe.

Kwa alama 20, ningegawa hivi: kumjua msikilizaji 5, madai na ushahidi 5, ombi 4, mpangilio na muda 3, uwasilishaji 3. Uwasilishaji nimeupa kidogo kwa makusudi. Ukipewa nusu ya alama, wasemaji wa kuzaliwa watashinda bila kujiandaa, na wale wapole, ambao mara nyingi ndio waliosikiliza vizuri kwenye mahojiano, watajifunza kwamba mauzo ni ya wenye midomo.

Jaribio la mwisho lirekodiwe kwa simu. Mwanafunzi atazame kwanza bila sauti ili aone mikono na macho, kisha asikilize bila picha ili asikie bei na ombi. Halafu abadilishiwe msikilizaji: begi ni lilelile, lakini mnunuzi sasa ni mzazi anayemnunulia mtoto, au mtu anayesafiri na kompyuta. Apewe siku moja tu ya kujiandaa. Akirudi na kero mpya, sifa mbili tofauti na ombi tofauti, amefika. Akirudi na hotuba ileile iliyobadilishwa salamu, arudishwe kwenye mahojiano ya dakika nne.